Jumamosi Tuliyounganisha Kompyuta za Shule

Mwezi uliopita nilikuwa na shughuli Kericho, na kwa kuwa niliimaliza mapema, nikachukua bodaboda hadi kwenye shamba la chai nilikolelewa. Nilimwambia dereva anishushe laini ya juu. Akaniuliza ni laini gani hiyo. Ikabidi nimwelekeze mwenyewe, kona kwa kona, mpaka tukafika, akazima injini, tukabaki tunatazama chai. Chai tupu, imekatwa sawasawa kama meza, kuanzia barabarani hadi inapokutana na mikaratusi kule bondeni. Akaniuliza kama ni hapa. Nikamwambia ni hapa. Nadhani aliona nimepotea, ila kwa heshima hakusema.

Wewe ambaye hukuishi huko, acha nikueleze. Laini ni safu za nyumba za wafanyakazi wa shamba, nyumba za chumba kimoja au viwili zilizopakwa chokaa, paa la mabati, na namba kubwa nyeusi kwenye kila mlango. Sisi tulikuwa na laini mbili, ya juu na ya chini. Katikati palikuwa na shule ya msingi, bomba la maji, na ukumbi wa mabati ambao Jumapili uligeuka kanisa. Mimi nilikaa laini ya juu na nyanya yangu, aliyekuwa mchuma chai. Mama alifanya kazi za nyumba Nakuru, tukimwona Krismasi. Tangu nipate akili niliamshwa na king'ora cha kiwandani, kisha mchakacho wa aproni ya plastiki ya nyanya akiifunga gizani, kisha harufu ya chai ikikaushwa, harufu nzito, tamu, inayoshika hata kwenye blanketi. Mpaka leo nikifungua pakiti ya majani dukani nasimama kidogo.

Nyumba yetu ilishikana ukuta na ya jirani, mama mmoja aliyetoka upande wa Kisii. Ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nyanya akipiga chafya, jirani alimwambia pole akiwa kwake. Wawili hao walichuma chai mstari kwa mstari miaka mingi. Nyanya alimpelekea mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye kibuyu, naye alituletea ndizi za kupika, na mboga chungu za chinsaga alizozichemsha na maziwa mpaka uchungu ukakubali kushindwa. Kiswahili chao kilikuwa cha kuokoteza, kila mmoja akikivunja kwa namna ya kwao, lakini sijawahi kuona watu walioelewana vile. Nyanya alikuwa na msemo kwamba jirani ni yule anayejua umelala njaa kabla hujamwambia.

Jirani alikuwa na binti mmoja, rika langu. Hatukuwahi kuanza urafiki. Tulijikuta tu ndani yake, kama mtu anavyojikuta na ndugu. Tulichota maji pamoja, tukaokota matawi makavu chini ya mikaratusi, tukasugua sufuria kwa majivu mlangoni. Mvua ya mawe, ile ya alasiri ambayo kule hata kuku wanaijua saa yake, ikitukuta njiani tulijifunika kapu moja la chai. Alikuwa mwembamba, mpole, na darasani akiulizwa swali alilijibu akitazama dawati. Walimu walimwona msichana wa kawaida. Hata mimi nilimwona hivyo, mpaka kompyuta zilipofunuliwa.

Kompyuta hizo zilikuwa za wafadhili. Zililetwa zikiwa kuukuu, zikapigwa picha, kisha zikafunikwa kwa vitambaa na kufungiwa kwenye stoo ya shule. Aliyezifunua ni mwalimu wetu wa darasa la saba, kijana aliyetoka Sosiot, hiyo ikiwa kazi yake ya kwanza, hata ndevu hazijakomaa. Alitumia likizo nzima akiwa na bisibisi, akitoa kiungo kwa ile iliyokufa na kukitia kwa ile inayopumua. Zilipowaka, feni zake zilivuma chumba kizima kama mzinga wa nyuki. Alituonyesha kuandika barua, tukaandika. Alituonyesha kujumlisha, tukajumlisha. Tukimaliza vizuri, alituruhusu kucheza mchezo wa mashindano ya magari, kila mtu peke yake kwenye mashine yake, akishindana na magari yanayoendeshwa na kompyuta.

Rafiki yangu alipoketi hapo, mabega yake yalilegea. Sijui nikuambieje. Yule msichana wa kutazama dawati alikaa wima, vidole vikatulia juu ya vibonye, na gari lake jekundu likapita kwenye kona ambazo sisi wote tuliangukia. Hakupiga kelele. Akishinda alirudisha kiti mahali pake na kumpisha mwingine. Mwalimu alimtazama siku ya kwanza, akamtazama ya pili, kisha akamwambia kwamba mtu mwenye mkono kama huo na utulivu kama huo anaweza kusomea chochote duniani. Hakuna aliyewahi kumwambia neno kama hilo. Alilirudia njiani tukienda nyumbani, kwa sauti ya chini, kama anayejaribu kiatu kipya.

Mwaka huohuo mashine za kuchuma chai zikaja.

Ilianza na moja. Hubebwa na watu, inalia kama msumeno wa kukatia miti, na inapopita, kichaka kinabaki kimenyolewa. Nyanya alikwenda kuiona, akarudi akicheka. Alisema haichagui. Yeye na wenzake walifundishwa kuchuma majani mawili na chipukizi, wakikosea wanarudishiwa kapu, na sasa hiki chuma kinakusanya jani zuri na jani zee pamoja. Aliamini kabisa kwamba wenye shamba wakishaionja chai hiyo wataiacha mashine ioze. Alisubiri waionje. Mashine zikaongezeka. Asubuhi wanawake waliitwa mstarini na wachache tu ndio waliopewa mistari, wengine wakarudi laini na makapu makavu. Kisha ikabandikwa karatasi kwenye mlango wa ukumbi kwamba kazi imeisha kwa wengi, na nyumba zote za laini ya juu na ya chini zirudishwe kabla likizo ya Agosti haijaisha. Watu waliisoma kimya kimya. Waliokuwa hawajui kusoma walisomewa, nao wakaomba wasomewe tena.

Wiki zile sizisahau. Watu waling'oa mbogamboga zao kabla hazijakomaa. Kuku waliuzwa kwa bei ya kutupa. Ukipita kwenye laini ulisikia misumari ikigongwa kwenye masanduku ya mbao, na katikati ya misumari mtu akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti isiyokuwa yake. Nyanya alikuwa na kipande cha ardhi huko Sigor, pakavu kuliko tulikozoea, lakini pakiitwa pake. Jirani hakuwa na kitu. Baba wa binti yake alikufa kitambo, na shamba la kule kwao lilikuwa limegawanywa na shemeji zake mpaka likawa vipande vya kutandikia mkeka. Alisema wataenda hivyohivyo, Mungu si wa watu wenye shamba peke yao.

Katika hali hiyo ndipo rafiki yangu, ambaye hakuwahi kuanza kuongea na mtu mzima, alipokwenda kwa mwalimu na kumwuliza kama kompyuta zile zinaweza kucheza pamoja. Alitaka watoto wote wa laini mbili waingie kwenye barabara moja, mbio moja, kila mtu akimwona mwenzake, kabla hatujatawanyika.

Nilikuwa nyuma yake, nimeshika mkono wake. Kijana mmoja mkubwa aliyesoma mjini alicheka, akasema mambo hayo yanataka intaneti, na shambani mwetu hata kupiga simu lazima upande kwenye tangi la maji. Mwalimu akasema intaneti ni ya kuongea na watu walio mbali.

"Nyinyi hamjawa mbali bado," akasema. "Tunahitaji waya tu."

Basi tukajishughulisha, na ninakuambia ukweli, tulifurahi, jambo ambalo leo linanichoma. Mwalimu alileta kutoka Kericho bunda la waya wa buluu na kisanduku chenye matundu na taa za kijani, alichokiita swichi. Alitufundisha kukata waya, kuuchuna, kupanga nyuzi nyembamba za ndani kwa rangi zake na kuzibana kwenye vichwa vidogo vya plastiki. Uzi mmoja ukikosea nafasi, mashine haisikii. Tulizikariri rangi zile kwa wimbo, tukiziimba bombani, mpaka akina mama wakadhani ni nyimbo za kanisa jipya. Halafu akaeleza kwamba kila kompyuta lazima ipewe namba yake, mbili zisifanane, kama nyumba za laini zinavyopewa namba mlangoni ili barua isipotee. Hilo tulilielewa mara moja. Rafiki yangu aliomba mashine yake ipewe namba ya nyumba yao.

Wako wazazi waliokasirika. Walisema mwalimu anachezesha watoto kwenye matanga. Jirani hakukataza, ila aliuliza mara nyingi huo mchezo ni wa nini, na binti yake hakuweza kumweleza. Nyanya ndiye aliyemaliza maneno. Alisema hata ng'ombe wa kuuzwa hupewa chumvi asubuhi ya mwisho.

Tuliamua iwe Jumamosi mchana. Lori la kuwabeba jirani na binti yake lilikuwa lije Jumatatu. Tulibeba kompyuta kutoka shule hadi ukumbini mikononi, kama watu wanaobeba wagonjwa, tukizifunika kwa makoti kwa sababu ya manyunyu. Tulizipanga juu ya mabenchi ya kanisa, viti vya darasani mbele yake. Nyanya alileta birika la chai ya maziwa na mahindi ya kuchoma, jirani akakaanga mandazi ya unga wa mwisho aliokuwa nao. Ukumbi ulinuka mandazi, vumbi la feni na sweta zilizoloa. Mara ya kwanza swichi haikuwaka. Mara ya pili iliwaka, lakini mashine mbili hazikuonana. Mwalimu alipiga magoti akakagua vichwa vya waya kimoja kimoja, na rafiki yangu akapiga magoti upande wa pili, akakipata kilichokosewa, akakikata na kukibana upya.

Kisha skrini zote zikaonyesha barabara moja.

Sina namna ya kukueleza kelele za ukumbi ule. Kila mtoto alikuwa na gari lake, na gari la mwenzake alikuwa akiliona, halisi, likimpita, na mwenye gari ameketi safu ya mbele. Watoto wa laini ya juu dhidi ya watoto wa laini ya chini. Waliokosa mashine walisimama nyuma ya wenye mashine wakiendesha kwa midomo. Mvua ya mawe ikaanza, mabati yakanguruma, na hakuna aliyeinua kichwa. Tulicheza kwa zamu, walioshindwa wakipisha, hadi ikabaki mbio ya mwisho. Rafiki yangu alikuwamo, mimi nilikuwamo, na wengine wa laini ya chini. Tulianza. Alitangulia tangu kona ya kwanza. Mimi nilikuwa wa pili, nikiona taa za nyuma za gari lake jekundu, na nilijua sitalipata, wala sikutaka.

Mlango ukafunguliwa, mama wa rafiki yangu akaingia. Alikuwa amevaa koti lake la kusafiria na kitambaa kichwani, mawe ya mvua bado yako mabegani. Lori lilikuwa limekuja. Dereva alipata mzigo mwingine wa Jumatatu, akasema ni leo au hakuna. Vitu vyao vilikuwa tayari vimepakiwa.

Hakumwita. Alikuja akasimama nyuma ya benchi letu, akaitazama skrini. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kutazama.

"Ni wewe unaendesha hiyo?" akauliza.

"Ni mimi. Hilo jekundu."

"Na wengine wako wapi?"

"Nyuma, mama. Wote wako nyuma yangu."

Mkono wa mama yake ukaja ukakaa juu ya kichwa cha binti yake, polepole, kama mtu anayepima joto. Sikumwona usoni, niliusikia tu mpumuo wake. Nje, lori likapiga honi ndefu, kisha likapiga tena.

"Haya mama," akamwambia binti yake. "Inuka twende."

Binti akainuka. Hakulia, hakuomba amalize. Alirudisha kiti mahali pake kama alivyozoea, akanigusa bega, akatoka na mama yake kwenye manyunyu. Nyanya alikimbia nyuma yao na mandazi yaliyobaki, ameyafunga kwenye leso. Kwenye skrini gari jekundu lilipunguza mwendo lenyewe, likasimama katikati ya barabara. Mimi nililifikia nikasimama nyuma yake. Wenzangu wa laini ya chini hawakuelewa, au walielewa wakaona haya kusimama. Wakatupita mmoja mmoja. Kompyuta ikamtangaza mshindi. Mtoto yule alitazama kulia na kushoto, na hakuna aliyempigia makofi. Mwalimu alikwenda dirishani akakaa huko akitupa mgongo, na sisi tukaanza kuzungusha waya bila kuambiwa.

Siku chache baadaye na sisi tuliondoka. Shule ilikosa watoto, ikafungwa. Mwalimu alihamishwa, nikasikia yuko upande wa kaskazini, kisha nikasikia ameacha kufundisha, kisha sikusikia tena. Namba ya simu ya jirani tulikuwa nayo. Nyanya alinituma nipige kila Jumapili baada ya kanisa, na kila Jumapili sauti ya mwanamke ilituambia haipatikani. Nyanya alimjibu yule mwanamke, akimwomba amwambie jirani yake kwamba tulifika salama.

Sigor haikumkubali nyanya. Aliamka kabla ya mapambazuko, akaketi kitandani akisubiri king'ora. Mchana niliona vidole vyake vikichuma hewa juu ya mapaja. Alisema jua la huku halina adabu. Hakuugua ugonjwa wenye jina. Alipungua tu, na mvua ndefu za mwaka wa pili zilipoanza tukamzika. Watu waliofika walikuwa wema, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuchuma mstari naye.

Rafiki yangu nilimwona mara moja, nikiwa mtu mzima. Ilikuwa Sotik, siku ya soko, pale ambapo watu wa pande zote mbili za mpaka wa kaunti hukutana. Alikuwa ameketi nyuma ya rundo la ndizi, mtoto mgongoni na mwingine akicheza na maganda. Nilimwita kwa jina. Alinitambua papo hapo, niliona, lakini uso wake haukufunguka. Tulisalimiana kama watu waliokutana ofisini. Aliniambia shemeji za mama yake waliwapa jiko la nje kulala, mama yake akaenda kuchuma chai ya watu Nyamira, kifua kikamshika, akafa. Yeye mtihani wa darasa la nane hakuufanya. Alisema hayo yote akipanga ndizi.

Nikamwuliza kama anaikumbuka ile Jumamosi. Nilikuwa nimelibeba swali hilo miaka yote, nikidhani litampa furaha.

Alikaza leso ya mtoto mgongoni.

"Kuna wakati nilikuwa naifikiria kila siku," akasema. "Nikaona inanifanya nichukie watoto wangu. Nikaiacha. Usinirudishe huko, dada."

Kisha akaniuliza nitachukua ndizi ngapi. Nilichukua, nikamlipa, akanirudishia chenji na kumgeukia mteja mwingine. Nimepita Sotik mara nyingi tangu hapo. Nikifika upande ule wa soko napitia njia nyingine, kwa sababu aliniomba kitu kimoja tu.

Kwa hiyo nimebaki nayo peke yangu. Nyumba zinaweza kubomolewa, hilo nimelizoea. Chai hupandwa mahali pa nyumba, nayo huota vizuri sana, udongo wa pale ulishiba majivu na maji ya kuoshea vyombo. Lakini nilidhani angalau tutabaki wawili wa kuambiana kwamba ndiyo, ilikuwa hivyo, mama yako alisimama hapa, mkono wake ulikuwa pale. Sasa hata simulizi yenyewe, ninapoisema, inasikika kama ya mtu mwongo.

Binti yangu ameanza kuuliza maswali. Juzi nilimwambia kulikuwa na watu wengi sana pale, na shule, na ukumbi. Akataka kujua walienda wapi wote. Nikamwambia walienda kwao. Akaridhika, akarudi kucheza, na mimi nikabaki nimeketi na jibu langu. Kwao kulikuwa pale.